Matema ya Ziwa Nyasa: Maji Tele, Huduma Haba

Matema ina sura mbili, na haifai kuzipa alama moja. Kuna kile ambacho ziwa na mlima humpa mgeni bila kumdai senti, na kuna kile anachouziwa na wafanyabiashara wa pale ufukweni. Kwa upande wa kwanza, sijaona sehemu nyingine ya maji baridi nchini Tanzania inayoishinda. Kwa upande wa pili, kazi bado ni kubwa, na anayekwenda akitarajia kupangiwa starehe kuanzia asubuhi hadi usiku atarudi amenuna. Tathmini hii inamhusu zaidi msafiri wa ndani, yule anayetoka Mbeya, Iringa au Dar es Salaam kwa mapumziko mafupi, ambaye anataka kujua fedha na siku zake zitakwenda wapi.

Mji huu mdogo uko wilayani Kyela, mkoani Mbeya, kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya ziwa lenye urefu unaozidi kilomita 500 na kina cha takriban mita 700 katika sehemu yake yenye kina kirefu zaidi. Upande wa magharibi ni bonde tambarare la mpunga, migomba na kakao. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imeshuka moja kwa moja hadi majini, kiasi kwamba barabara inafika mahali inakoma kwa kukosa pa kupita. Kwa sababu ya ukuta huo wa mlima, jua huchelewa kuufikia ufukwe, na saa za mwanzo za asubuhi mgeni hutembea mchangani kivulini wakati upande wa pili wa ziwa tayari umeshaangazwa. Ni jambo dogo, lakini ndilo linaloamua ratiba yote ya siku, kwa maana shughuli yoyote ya maana Matema hufanyika kabla ya joto na kabla ya upepo.

Kufika si tatizo kama ilivyokuwa zamani. Ukitoka Mbeya unapita Uyole, unapanda kwenye ubaridi wa Tukuyu, kisha unateremka kwenye joto la Kyela, na pale Kikusya unaiacha barabara kuu na kushika ile ya Ipinda hadi Matema, kipande cha kilomita 39 hivi ambacho sasa kina lami. Koasta na daladala zipo, ila za jioni ni chache, na anayechelewa hulazimika kumalizia safari kwa bodaboda. Meli ya MV Mbeya II, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, huhudumia bandari za ziwa upande wa Tanzania, na kwa mwenye siku za kutosha ni starehe yenyewe. Ulizia ratiba bandarini, usiitegemee kwa safari ya kuwahi kazini Jumatatu.

Kuogelea ndiyo shughuli ya kwanza na ya bei nafuu kuliko zote. Maji ni ya vuguvugu mwaka mzima, hayana chumvi ya kuwasha macho, na katika miezi ya kiangazi ni maangavu kiasi cha kuyaona mawe yaliyo chini ya miguu yako ukiwa umesimama kifuani. Ufukwe una mteremko, kwa hiyo mzazi asimwachie mtoto acheze peke yake kwa kudhani kwamba maji mafupi yanaendelea mbali. Kuna mambo mawili ambayo wenye nyumba za wageni hawayasemi mpaka waulizwe. La kwanza ni mamba na viboko kwenye maji ya Mto Lufilyo na mdomo wake, magharibi mwa ufukwe. Wavuvi wanajua mpaka wa kuogelea uko wapi, na neno lao lizingatiwe kuliko la mhudumu wa mapokezi. La pili ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hivyo wapo katika Ziwa Nyasa, hasa kwenye majani na maji yaliyotulia, na kuogelea mbele ya mchanga mweupe hakumhakikishii mtu usalama. Dawa ya praziquantel inapatikana na inafanya kazi, ila huwaua minyoo waliokwisha kukomaa, ndiyo maana kipimo au dawa hufaa baada ya wiki 6 hadi 8, si siku ya pili baada ya kurudi nyumbani. Mimi ninaogelea Matema, na nitaendelea kuogelea, lakini ningependa kuona bango moja tu la maelezo haya mahali ambapo pana mabango mengi ya bia.

Kinachoipandisha Matema juu ya fukwe nyingine ni mtumbwi. Mtumbwi wa Nyasa huchongwa kwa gogo moja, na uwazi wake wa juu ni mwembamba kiasi kwamba hukai ndani yake bali unakaa juu ya kingo, miguu ukiwa umeitumbukiza kwenye mwanya. Mwenye kiuno kipana anaanza safari kwa kucheka, kisha ananyamaza, kwa sababu kila anapogeuza kichwa kutazama mlima chombo chote kinageuka naye. Mzee aliyetupeleka alishika kasia refu, akaweka kidumu kilichokatwa nusu karibu na miguu yangu kwa ajili ya kuteka maji yanayoingia, akasema, "Tuondoke kabla jua halijavuka mlima, mwanangu. Mwera ukishaamka, hatutarudi kwa kasia." Alisema kweli. Katika miezi ya Mei hadi Agosti upepo wa kusi, ambao watu wa ziwa huuita mwera, huvuma ukilifuata ziwa kwa urefu wake, na mawimbi yaliyoanzia mamia ya kilomita kusini humalizikia hapo hapo Matema. Maji ambayo saa kumi na mbili asubuhi yalikuwa kama kioo, kufikia adhuhuri yanaweza kuwa na mapovu meupe.

Njia nzuri ya mtumbwi ni ile ya kuambaa na ukingo wa mashariki kuelekea Ikombe. Mchanga unakoma, mawe makubwa yanaanza, na ukichungulia pembeni unaona samaki wadogo wa buluu, wa njano na wenye mistari wakizunguka kila mmoja jiwe lake. Hawa ndio wale ambao wafanyabiashara huwaita samaki wa mapambo, na Ziwa Nyasa lina mamia ya aina zao ambazo hazipatikani penginepo duniani. Wengi wao jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni mpaka wapate nguvu, na mtu mwenye subira, akielea bila kupiga miguu, anaweza kumwona mama mwenye kidevu kilichovimba asiyekula wakati wenzake wote wanakwangua ukoga kwenye mawe. Kwa mtazamo wangu, hii ndiyo burudani bora kuliko zote Matema. Tatizo ni kwamba miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia ni vitu vya kubahatisha pale ufukweni. Nilichokodishiwa kilikuwa na mpira uliopasuka na kiliingiza maji kila nilipotabasamu. Njoo na vyako, na uvijaribu nyumbani kwenye ndoo kabla ya kusafiri.

Ikombe yenyewe ni kijiji cha Wakisi, na kazi ya akina mama wa huko ni kufinyanga vyungu. Hawatumii gurudumu la mfinyanzi. Udongo huzungushwa kwa mkono, ukuta wa chungu hupandishwa na kulainishwa, kisha hupakwa rangi nyeupe yenye kuelekea maziwa na michoro ya udongo mwekundu, na mwisho huchomwa kwenye moto wa wazi. Mgeni anaruhusiwa kutazama, na akiomba kwa adabu hupewa bonge la udongo ajaribu mwenyewe, jambo linalowafurahisha watoto wa kijiji kuliko linavyomfurahisha mjaribu. Shikamoo itangulie, kamera ifuate baada ya ruhusa, na ukipiga picha ya mtu akiwa kazini, ungwana ni kununua japo kibakuli.

Sasa nifike kwenye kasoro ambayo siwezi kuifumbia macho. Watu hupandishwa mitumbwi na hata boti za injini bila jaketi okozi, na ukiuliza unaambiwa kwamba nahodha amekulia ziwani. Kukulia ziwani kunamsaidia yeye. Boti moja tuliyotaka kuikodi ilikuwa na majaketi mawili kwa abiria wanane, na yote mawili yalikuwa yamekaliwa kama mito. Tuliiacha. Anayesafiri na watoto abebe majaketi ya saizi yao kutoka mjini, kwa maana hata pale yanapopatikana huwa ni ya watu wazima. Bei nayo haijabandikwa popote. Hutegemea nani ameuliza, ameshuka kwenye gari gani, na kama yuko na mwenyeji. Kupatana si kosa, lakini mtu akubaliane kabla ya kupanda kuhusu mambo matatu: bei ni ya mtumbwi mzima au ya kichwa, inajumuisha kungojewa huko Ikombe, na nani anarudisha fedha upepo ukilazimisha safari ikatishwe. Nilipouliza hili la mwisho nilitazamwa kana kwamba nimeleta balaa.

Upande wa mlimani huduma ni afadhali. Vijana wanaoongoza wageni kwenda kwenye maporomoko ya maji juu ya mji wanaijua njia, wanatembea kwa mwendo wa mgeni na si wa kwao, na hawakuchoshi kwa hadithi za kutunga. Njia inapita kwenye mashamba ya watu, kisha inapanda kwa mwinamo unaochosha magoti wakati wa kuteremka kuliko mapafu wakati wa kupanda. Viatu vyenye meno ni lazima. Nimemwona mtu akiteremka amevaa ndala mkononi. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisha, kwa maana udongo ule huteleza kama sabuni.

Kuhusu malazi na chakula sina mengi. Nyumba za wageni zilizopangana ufukweni, zikiwemo zile zinazoendeshwa na makanisa, ni safi kwa kiwango cha kawaida, zina vyandarua, na vyandarua hivyo vina kazi, kwa sababu Kyela ni joto na mbu ni wengi. Umeme hukatika, na feni hukatika nayo. Wali wa Kyela una harufu yake na hauhitaji kusifiwa hapa. Samaki anayefaa kuliwa nao ni mbasa, ingawa amepungua kutokana na kuvuliwa anapopanda mitoni kutaga, kwa hiyo ukiambiwa leo hayupo, usilazimishe. Agiza chakula cha mchana mara tu baada ya kifungua kinywa. Mpishi huanza kumtafuta samaki baada ya wewe kuagiza, na hilo, ukiwa umelielewa mapema, ni dalili njema kuliko mbaya.

Burudani za jioni ni chache na sioni sababu ya kuzipamba. Kuna baa kadhaa, kuna kibanda umiza ambako vijana hulipa kuangalia mpira wa ligi za Ulaya na ule wa Simba na Yanga, na kuna mpira mwingine unaochezwa mchangani jua linapoelekea kuzama, ambao mgeni hukaribishwa hata kama hajui kucheza, mradi akubali kuwa golikipa. Siku za kawaida giza likishaingia zinazosikika ni sauti za mawimbi na za wavuvi wanaoingia ziwani na taa zao. Sikukuu ni habari nyingine kabisa: Pasaka, Krismasi na Mwaka Mpya magari hushuka kutoka Mbeya na Tukuyu, spika hupangwa mchangani zikishindana, na takataka za siku inayofuata hukusanywa na watu wasiolipwa kwa kazi hiyo. Anayependa umati ataupata. Anayetafuta utulivu aende wiki yoyote nyingine.

Kwa majira, epuka Machi na Aprili. Wilaya ya Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, mara nyingi zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito inapojaa huleta tope linaloyafanya maji ya ufukweni kuwa ya rangi ya chai ya maziwa; samaki wa mapambo wapo pale pale, ila huwaoni. Juni hadi Agosti anga ni safi lakini mwera unavuma. Ningemshauri mtu achague mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, upepo unapolegea na maji yakiwa bado maangavu.

Na kama unaweza, panga siku zako ziguse Jumamosi. Siku hiyo vyungu kutoka Ikombe hufikishwa kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo, mashariki kidogo mwa ufukwe, vikiwa vimepangwa kimoja ndani ya kingine, na wachuuzi huja kuvinunua kwa jumla kabla ya wageni kumaliza chai. Wahi mapema. Kila chungu kigonge kwa kifundo cha kidole na usikilize: kilicho kizima hulia, chenye ufa hutoa mlio mfu. Mwombe muuzaji akufungie kwa majani makavu ya mgomba, kisha mweleze utingo wa Koasta kwamba mzigo huo unakaa juu ya mapaja yako na si kwenye buti, hata akidai nauli ya kiti cha pili.