Darasa la mazoezi ya moyo, Kisumu: zuri, ila mwisho unaharakishwa

Kwa aliyepona mshtuko wa moyo, darasa hili linafaa. Presha hupimwa kwanza, kisha dakika 15 za kupasha mwili moto, ndipo baiskeli. Wahudumu hawategemei mapigo pekee, na wako sahihi: dawa kama bisoprolol huyashusha, ukadhani hujachoka. Hutumia kipimo cha Borg: mgonjwa mwenyewe hutaja namba, 6 hadi 20, kuonyesha anavyohisi ugumu wa zoezi. Mgonjwa akitaja 11 hadi 13, anaendelea. Akishindwa kumaliza sentensi, anapunguziwa.

Kasoro ni kupoza mwili: dakika 3 badala ya 10. Ukisimama ghafla damu hubaki miguuni, kizunguzungu kinakushika, hasa kwa joto la saa nane mchana. Chukua zamu ya asubuhi. Na ghorofa ya pili bila lifti, kwa wagonjwa wa moyo jamani!