Utrasaundi ya Katikati ya Ujauzito: Hospitali ya Serikali au Kituo Binafsi?

Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apimwe utrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Wengi Dar es Salaam huulizana: wapi?

Kwa gharama, serikalini ni nafuu. Ila jiandae kukaa benchini tangu asubuhi, na pengine baba ataambiwa asubiri nje. Kituo binafsi mnapewa miadi, mnaingia wote wawili, mnauona moyo ukidunda kwenye skrini. Hilo si jambo dogo hata kidogo; baba naye anaanza kuulea ujauzito.

Ubora wa kipimo, hata hivyo, hautegemei uzuri wa jengo. Uliza anayepima ana utaalamu gani, na kama ripoti itaeleza uti wa mgongo, vyumba vya moyo, kondo la nyuma limekaa wapi na maji yanatosha. Kuambiwa jinsia tu hakutoshi.

Mwenye presha au aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, ningemshauri hospitali ya rufaa, daktari bingwa awe karibu. Mwenye ujauzito usio na shida na kazi isiyotoa ruhusa, kituo binafsi kitamfaa, mradi ripoti aipeleke kliniki yake.