TAHADHARI: hita ya maji ya gesi bila bomba la moshi, nimebaki kidogo tu nimzike mama

Jamani naandika hii na aibu yangu yote, maana mimi ndiye yule anayewaambiaga watu wawe macho mjini, na mimi huyohuyo nimeuziwa kifo kwa 650,000 taslimu nikasema asante.

Mnajua hali ya mama tangu ile operesheni, maji ya baridi hawezi, na Yaka, huu umeme wa kulipia kabla, mnajua inavyokimbia ukiwasha shawa ya umeme. Basi Jumamosi ile nikashuka upande wa Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla Kampala, kutafuta hita ya gesi, ile ya kubandika ukutani, unafungua maji inawaka yenyewe.

Huyo bwana aliniona tu nimesimama akaanza, "karibu dada yangu, pumzika kwanza", Kiswahili kimenyooka kama cha redio. Mnajua sisi wa Arua. Huku Kampala mtu akisikia Kiswahili anafikiri askari au mwizi, mimi nikikisikia najiona niko nyumbani, na hapo ndipo aliponipata. Akaagiza soda. Akaniuliza mama anaumwa nini, akamuombea dua, wallahi akainua na mikono. Risiti ina muhuri, fundi wake ana ovaroli yenye jina la duka mgongoni, sasa ningemshukuje? Akaiwasha palepale mlangoni, mtungi pembeni, maji yakatoka moto hata sijamaliza kuhesabu kumi. Duka lenyewe halina ukuta wa mbele, upepo wa barabara nzima unapita humo, lakini hilo nimekuja kulifikiria jana.

Na niliuliza! Hilo ndilo linaloniuma. Juu ya hita kuna tundu la duara, upana kama mdomo wa kikombe kikubwa, nikamwambia hili la nini? Akacheka. "Hilo la wazungu dada, kwao baridi, huku kwetu halina kazi, gesi haina moshi, si mkaa." Na ndani ya boksi ile foamu nyeupe ilikuwa na shimo refu limechongwa umbo la paipu, paipu yenyewe haimo. Nimeliona kwa macho yangu haya. Nikanyamaza nisionekane mshamba.

Fundi akaja Jumapili akaifunga bafuni, chumba chenyewe mnakijua, ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Moto ukawa unazimikazimika kwa upepo, akapanda stuli akaziba yale matundu ya hewa juu ya mlango kwa saruji. Kwa saruji! Na mimi ndiye niliyemshikia karai. Nikampa na ya boda juu.

Jumanne jioni mama kaingia kuoga. Maji yanasikika, tunaita, hajibu. Tukavunja komeo, yuko chini ameegemea ndoo, ameloa, macho yanaangalia tu. Tukambeba mpaka barazani, akatapika, baada ya muda akaanza kuongea, tukasema presha. Alhamisi mimi mwenyewe natoka kuoga kichwa kinagonga kama ngoma ya harusi, miguu haina nguvu, nikasema malaria, nikapima, hakuna. Daktari wa kliniki ndiye akaniuliza kitu sikukitegemea: nyumbani mnachemsha maji ya kuoga na nini? Nilivyomjibu akaweka kalamu chini.

Kumbe gesi ikiwaka na hewa haitoshi inatoa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu. Ile harufu ya mtungi tunayoijua imetiwa makusudi ili ukivuja ujue, hii nyingine huisikii kabisa, inang'ang'ania damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200, unaisha hivihivi huku unajipaka sabuni. Na mimi sigiri ya mkaa silazi ndani hata mvua inyeshe vipi, watoto wote wa nyumba hii wanajua, halafu nikaenda kutundika sigiri kubwa kuliko zote juu ya kichwa cha mama yangu.

Nikarudi dukani. Ananiambia "dada mlifunga dirisha". Dirisha gani! Tangu siku hiyo simu haishiki. Huyu mtu afungwe. Hela akae nazo, mimi namtaka jela ya Luzira, na kabla ya Luzira aoge nayo kwanza yeye, mlango umefungwa, matundu yamezibwa, fundi wake amshikie taulo. UNBS, wale wa viwango vya bidhaa, waje wabebe boksi zote zile, ziko kama thelathini nyuma ya kaunta, yani thelathini nyumba za watu! Polisi nimeandikisha, kaka anasema jina nisiliweke hapa kwanza, sawa, ila mnaokwenda Kikuubo njooni inboksi niwaelekeze mlango.

Sasa kama unayo kwako, angalia moto, ukiwa bluu afadhali, ukiwa wa njano au kuna masizi juu ya hita, izime hapohapo. Na kichwa kikiwauma mkiwa ndani mkitoka nje kinapoa, hiyo si malaria. Fundi wa hoteli aliyekuja kuing'oa anasema hii inayovuta hewa ya chumbani haifai bafuni kabisa hata ikiwa na paipu, bafuni labda ile iliyozibwa, inayovuta hewa yake nje na kutoa moshi nje kwa paipu yake, na mdomo wa paipu usiwe chini ya dirisha. Mtungi nao ukae nje, gesi yake nzito, ikivuja inalala chini. Aliongea na mengine ya matundu ya hewa, juu na chini, kwa hasira sikuyashika yote, kayaandika kwenye karatasi nitaipiga picha.

Boksi na ile foamu nimezitunza kwa ajili ya polisi. Na wewe wa ovaroli kama unasoma, saruji yako nimeibandua mwenyewe kwa nyundo, vipande vyote viko kwenye kavera, mfuko wa plastiki, navyo vinaenda kituoni.