Estonia na Ufini mbele ya Stalin: kukubali au kukataa

Mwaka 1939, baada ya Hitler na Stalin kugawana maeneo kwa siri, Moscow iliziita nchi hizi mbili kwa zamu.

Estonia ilitia saini tarehe 28 Septemba. Mkataba uliitwa wa kusaidiana, jina tamu kweli, lakini ulileta askari 25,000 wa Kisovyeti, wengi kuliko jeshi la wenyeji la wakati wa amani. Adui akishakuwa sebuleni, utamzuia mlango gani? Juni 1940 wakaingia wengine, Julai ukafanyika uchaguzi wenye orodha moja tu ya wagombea, na tarehe 6 Agosti nchi ikamezwa rasmi. Rais Konstantin Päts, aliyeridhia ili kuepusha damu, alipelekwa Urusi na akafia huko mwaka 1956. Na tarehe 14 Juni 1941, watu wapatao 10,000 walisombwa kwa mabehewa ya mizigo, wakiwemo watoto.

Ufini ilikataa madai ya Moscow. Ilishambuliwa tarehe 30 Novemba, ikapigana siku 105, ikapoteza askari wapatao 25,000 na mji wa Viipuri. Zaidi ya watu 400,000 walihama makwao. Lakini ilibaki na bunge lake.

Wapo wanaowaita Waestonia waoga. Mimi siwezi. Ufini ilikuwa na watu mara tatu yao, pamoja na misitu na maziwa ya kuchelewesha vifaru. Kosa lao, nionavyo, lilikuwa kuamini neno “kusaidiana”. Uhuru waliurudisha tarehe 20 Agosti 1991.