Mbao za mtumbwi wa fito: zipi za kununua, kuanzia bora zaidi

Mtumbwi wa fito hauna mataruma (mbavu za ndani). Fito nyembamba za mbao laini, unene milimita 6 na upana milimita 19, hugundishwa ubavu kwa ubavu juu ya kalibu (umbo la muda la mtumbwi), kisha ganda zima hufunikwa kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo) na epoksi (gundi ya maji ya sehemu mbili inayoganda ikawa ngumu), nje na ndani. Nguvu kubwa inatoka kwenye faiba. Kazi ya mbao ni kuzitenganisha tabaka hizo mbili na kulipatia ganda umbo lake. Kwa hiyo usiende dukani kutafuta mti mgumu. Tafuta mti mwepesi, mrefu, wenye nyuzi zilizonyooka na usio na vifundo.

Mpangilio huu ni wa anayeunda mtumbwi wa futi 16 nyumbani Kanada au Marekani, ndiko kwenye asili ya ufundi huu. Walioko Afrika Mashariki tumewawekea sehemu yao chini.

Piga hesabu kabla ya kutoa pesa

Katikati ya mtumbwi wa ukubwa huo, kutoka ukingo wa juu hadi mstari wa mkuku (katikati ya chini) ni kama sentimita 68. Kwa fito za milimita 19 zenye kingo bapa, unahitaji 36 kila upande, yaani 72. Ukizichonga mgongo wa duara ukingo mmoja na mfereji ukingo wa pili ili zikamatane, kila ufito unabaki kufunika milimita 16 tu, na idadi inapanda hadi 85 au zaidi. Ongeza 10 za akiba, maana zipo zitakazovunjika.

Ubao wa 1x8 (inchi 1 kwa 8), ambao ukishapigwa randa ni milimita 19 kwa 184, hutoa fito 20 hivi kwa bledi nyembamba. Karibu theluthi ya ubao inaishia kuwa unga wa msumeno. Nunua mbao tano. Urefu uwe futi 18, si 16: ufito unafuata mkunjo wa ubavu na lazima upite omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma) kidogo kabla ya kukatwa.

Usilipe zaidi kwa ubao wenye nyuzi zilizosimama kwenye uso wake, yaani ambao pete za ukuaji wa mti zinaukata uso mpana wima. Ule wa bei ya chini, uliopasuliwa bapa, yaani pete zikiwa zimelala sambamba na uso mpana, ndio unaofaa hapa. Ukiupasua kuanzia ubavuni, kila ufito unatoka ukiwa na nyuzi zilizosimama, unapinda kwa usawa na hauachi mawimbi ukipigwa msasa.

1. Mwerezi mwekundu wa magharibi

Unatoka British Columbia, Washington na Oregon, na uzito wake ukiwa mkavu ni kama kilo 370 kwa mita ya ujazo. Si mti mwepesi kuliko yote, lakini ndio unaopatikana kwa urahisi ukiwa mrefu na safi bila vifundo, na hilo linazidi kila sifa nyingine. Unapasuka vizuri, epoksi inaushika vizuri, na rangi zake huanzia asali hadi kahawia iliyokolea.

Una kasoro tatu. Ni mwororo kuliko gundi ya mbao, kwa hiyo ukipiga msasa kwa mkono bila kibao kirefu, mbao italiwa na mistari ya gundi itabaki imeinuka. Faiba ikishalala, mwanga unaonyesha kila kosa. Pili, huvunjika kwenye mkunjo mkali wa omo, hasa penye nyuzi zilizokwenda mshazari. Zimwagie fito hizo maji moto kwanza, kisha ziache zikauke kabisa kabla ya epoksi. Ya tatu ndiyo nzito zaidi: vumbi lake linajulikana kusababisha pumu kwa mafundi. Vaa barakoa yenye vichujio tangu ufito wa kwanza, si pale kifua kinapoanza kubana.

2. Msonobari mweupe wa mashariki

Kilo 400 hivi kwa mita ya ujazo. Kwa aliyeko Ontario, Quebec au Maine huenda huu ndio ununuzi wa busara kuliko yote: bei nafuu, unapinda bila kuvunjika, na vumbi lake halisumbui sana. Tatizo ni vifundo. Chagua ubao mmoja mmoja, ukikubali kifundo kilicho karibu na ncha tu. Hauvumilii unyevu kama mwerezi, kwa hiyo mkwaruzo uliopenya faiba uzibwe mapema, la sivyo doa jeusi litatambaa chini ya kitambaa.

3. Mwerezi mweupe wa kaskazini

Huu ndio mwepesi kuliko yote hapa, kilo 350, na wapo watakaokasirika kuuona nafasi ya tatu. Lakini ni mti mdogo: mbao zake nyingi ni fupi na zimejaa vifundo. Utalazimika kuunga karibu kila ufito kwa mshazari wa uwiano wa 8 kwa 1, yaani mkato wa milimita 48 kwenye ufito wa milimita 6, na viungo vyote vipishane ili visikutane mstari mmoja.

Faida unayoifuata ni ndogo. Ganda la futi 16 lina mbao za ujazo wa lita 30 hivi. Kwa mwerezi mwekundu hizo ni kilo 11, kwa mwerezi mweupe kilo 10 na nusu. Nusu kilo hiyo unaipoteza mara moja ukiacha epoksi ya ziada ituame ndani ya ganda badala ya kuikwangua.

4. Sprusi ya Sitka

Kilo 425, imara na ngumu kupinda, bei juu. Iweke kwenye ukingo wa juu wa mtumbwi, upande wa ndani, au tumia fito chache kama mstari wa rangi nyeupe ubavuni. Ganda zima kwa sprusi ni gharama isiyo na sababu.

Fito zilizokwisha kuchongwa

Asiye na msumeno wa meza na msaidizi wa kupokea ubao kwa nyuma, anunue fito tayari. Zikifika, kagua midomo ya mifereji kabla ya kusaini, kwani ni myembamba na humeguka njiani. Mwenye msumeno apasue mwenyewe na kuzipiga kingo randa ya mkono. Ni kazi ya polepole, ila hapotezi milimita 3 za kila ufito.

Ukiwa Kenya au Tanzania

Saipresi ya Kenya ndiyo chaguo la kwanza, kisha msonobari wa mashamba ya miti kama Sao Hill, Tanzania. Mbao nyingi huuzwa kwa futi 12, kwa hiyo kuunga hakuepukiki. Mvule, mninga na mtiki ziacheni kwa milango na samani: lita 30 za mvule ni karibu kilo 20 kabla ya faiba, na mafuta ya mtiki huifanya epoksi isishike vizuri.

Mbao hizi mara nyingi huuzwa mbichi. Zipange kivulini juu ya vijiti vinavyopitisha hewa, pima kipande kimoja kila wiki, na usipasue hadi uzito uache kupungua. Epoksi juu ya mbao mbichi hubanduka. Rezini ya poliesta inayotumiwa na mafundi wa matangi ya faiba msiiweke kabisa hapa, hata kama bei yake inavutia; haing'ang'anii mbao, na baada ya misimu michache kitambaa huachia kama ganda la yai. Tengeni pesa ya epoksi halisi, lita 11 hivi, na kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba chenye upana wa sentimita 150, mita 11 kwa nje na ndani. Juu yake pakeni angalau mikono mitatu ya vanishi yenye kinga ya jua, kwa sababu epoksi peke yake huchakaa na kupauka juani.