Rangi ya dari: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mwanga wa dirishani huipiga dari kwa ubavu, kwa hiyo kila kiungo cha ubao, kila kichwa cha msumari na kila alama ya rola hutoa kivuli. Rangi yenye mng'ao huvionyesha vyote. Kabla hujauliza bei, uliza kama rangi ni mati kabisa, yaani isiyo na mng'ao.

1. Emalshoni (rangi ya maji) mati ya dari. Hii ndiyo ya kununua kwa sebule na vyumba vya kulala. Ni nzito kuliko ya ukutani, haitoi matone mengi, na hufunika vizuri. Zipo zinazopakwa zikiwa na rangi ya waridi kisha zikakauka nyeupe. Ukirudia dari iliyo nyeupe tayari, chagua hizo, maana nyeupe juu ya nyeupe huoni ulipopaka na ulipoacha. Kwenye uso laini, lita 1 hufunika takribani mita za mraba 10. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita za mraba 16, yaani 32 kwa mikono miwili (ukipaka mara mbili), hivyo lita 4 zinatosha na inabaki kidogo ya marekebisho. Dari yenye uso mkwaruzo hula zaidi.

2. Emalshoni mati nyeupe ya ukutani. Inafaa, hasa kama ulinunua ndoo kubwa ya kuta. Ni nyepesi zaidi, basi funika sakafu vizuri na usiijaze rola kupita kiasi.

3. Rangi ya kuzuia ukungu. Bafuni na jikoni hii inapanda hadi namba 1, japo nyingi zina mng'ao kidogo. Lakini haiondoi ukungu uliopo. Osha kwanza kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji, acha dakika 15, suuza, subiri pakauke kabisa. Vaa miwani na glavu, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa yenye amonia: hutoa gesi ya sumu.

4. Silika (emalshoni yenye mng'ao). Uchafu wake hufutika kwa urahisi, ila viungo vyote vitaonekana. Nunua tu kama dari imepigwa skimu (plasta laini ya juu) sawasawa.

5. Rangi ya mafuta. Hugeuka manjano, hasa kwenye vyumba vyenye giza, na harufu yake hukaa siku kadhaa. Iache.

Fedha inayookolewa kwa kuruka praima (rangi ya msingi) ndiyo inayopotea kwa uchungu zaidi. Dari mpya ya mbao za jipsamu hunyonya: karatasi ya ubao hunywa rangi kwa namna moja, puti ya kuziba viungo kwa namna nyingine, na matokeo yake ni mistari inayoonekana hata baada ya mkono wa tatu. Mkono mmoja wa praima ya jipsamu huimaliza shida hiyo. Doa la kahawia la maji ya paa lina dawa yake: ziba panapovuja, acha pakauke, kisha paka praima ya mafuta au ya shelaki (aina ya vanishi) juu ya doa. Rangi ya maji huliyeyusha doa na kulivuta juu, ndiyo maana hurudi kila ukipaka.

Kabla ya kulipa, pitisha kitambaa kibichi darini. Kikitoka cheupe, pana chokaa ya zamani, na emalshoni itabanduka pamoja nayo; kwangua na uoshe kwanza. Dari ya mbao za asbesto usiipige msasa, usiikwangue wala usiitoboe.

Rola: manyoya ya milimita 10 hadi 12 kwa uso laini, 18 hadi 20 kwa uso mkwaruzo, pamoja na mpini wa kurefusha. Rola za sponji huacha mapovu. Zima feni, paka kingo kwa brashi upana wa sentimita 5, na uingie na rola kingo hizo zikiwa bado mbichi. Fanya eneo la takribani mita 1 kwa 1 kila mara, ukianzia dirishani. Ukisimama katikati ya dari kwenda kunywa chai, ukingo utakauka na mstari wa mapishano hautafutika kwa mkono wa pili.