Jiko la spiriti na sufuria ya safari: kipi kinafaa Elgon na Menengai

Wanaojiandaa kupanda Koitoboss, kilele cha Mlima Elgon, kupitia lango la Chorlim huanza kwa kununua sufuria ya titani kwa sababu ni nyepesi. Waanze na chakula. Kama ni maji ya chai na tambi za pakiti tu, titani ya mililita 750, yenye uzito wa gramu 100 hivi, inamtosha mtu mmoja. Kama kuna wali au githeri ya kupasha, iache dukani. Aluminiamu hupitisha joto takriban mara kumi zaidi ya titani. Mwali mdogo wa spiriti hupiga katikati tu, kwa hiyo kwenye titani wali huungua pale katikati na wa pembeni bado una kiini.

Sufuria ya kawaida ya aluminiamu ya lita moja, kama zile za soko la Kibuye mjini Kisumu, hupika vizuri zaidi na bei yake haiumizi. Chukua pana na fupi, si ndefu na nyembamba, maana mwali wa spiriti hutanda ukapanda kando za sufuria nyembamba na joto likapotea bure. Haina mkono, kwa hiyo beba koleo jepesi. Kifuniko kijaribu pale pale dukani. Kinachocheza hupitisha mvuke na kumaliza spiriti.

Kwa jiko, mchuano ni kati ya lile la shaba la Trangia, kampuni ya Uswidi, na la kujitengenezea kwa kopo la soda. La kopo lina gramu 15 hivi na halikugharimu kitu, ila likikanyagwa limekwisha, na mwali wake haupunguzwi. Kwa usiku mmoja kwenye kreta ya Menengai, Nakuru, linatosha kabisa. La Trangia lina gramu 110, na uzito huo una kazi: kuna pete ya kupunguzia moto, bila hiyo wali hauivi taratibu, na kuna kifuniko cha kusokota kinachohifadhi spiriti iliyobaki. Kasoro ni kimpira kilicho ndani ya kifuniko hicho. Ukifunga jiko likiwa bado la moto, kimpira kinaungua, na kesho yake spiriti inavuja juu ya nguo zako mkobani. Zima kwa pete, ngoja lipoe, ndipo ufunge.

Spiriti yenyewe iwe ya kuwashia. Ile ya kusafishia vidonda mara nyingi ni asilimia 70 tu, iliyobaki maji, na utasubiri chai mpaka uchoke. Ile safi sana nayo ikiacha masizi, ongeza maji kidogo, yasizidi asilimia 10. (Muhoroni wanaitengeneza kwa molasi ya miwa, kwa hiyo huku magharibi tusilie kukosa.) Ibebe kwenye chupa iliyoandikwa wazi, kamwe si ya maji ya kunywa: ni sumu.

Mahali pasipo na upepo, kuchemsha nusu lita ya maji hutaka mililita 20 hadi 25 za spiriti. Elgon hesabu 30. Mtu mmoja akichemsha mara tatu kwa siku, siku tatu ni mililita 270. Beba 300, sawa na gramu 240 hivi. Karibu na kilele, mita 4,222, maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi. Maharagwe mabichi sahau. Githeri iwe imeiva nyumbani. Asubuhi ya baridi spiriti hukataa kushika, basi weka chupa ndani ya koti dakika chache kabla ya kuwasha.

Kikinga upepo usikiache nyumbani. Karatasi nene ya aluminiamu ikizungushwa, ikiacha nafasi ya kidole kando ya sufuria na matundu chini ya kuingiza hewa, inatosha. Ukiziba matundu, mwali unageuka njano na masizi yanaanza.

Mchana mwali wa spiriti hauonekani. Usiongeze spiriti jiko likiwaka, hata ukidhani limezimika: weka kiganja juu kwa mbali uhisi joto kwanza. Usiwashe ndani ya hema, na Menengai kiangazi safisha nyasi zote hadi udongo uonekane.

Ugali wa watu wanne usijaribu. Kusonga kunataka sufuria isiyotetereka, na kisimamio cha waya kinachoshika sufuria juu ya jiko kitapinduka mwiko wa tatu. Bebeni chapati.